Kinga Inataka Kinga



Huku kwetu Katanga neno kinga lina maana mbili. Kinga ni chombo cha magurudumu mawili, ambacho wengine wanakiita baiskeli. Kinga tena ni kujilinda na hatari kabla haijafika. Leo tunazisema zote mbili pamoja, sababu maoni yetu ni haya: safari ya siku moja kwa kinga ni dawa nzuri kwa mfanyakazi wa mgodi, lakini mwenye kutoka bila kujikinga anaweza kuiachia nyumba yake matanga.

Tuanze na dawa. Mtu wa Mulongo hana haja ya kufundishwa kinga. Kule kando ya Lualaba, samaki wakavu na mafuta ya ngazi husafiri juu ya kinga, na mgonjwa vilevile. Lakini tangu aingie kazi, anapanda gari la kampani asubuhi, anakaa juu ya mashine ao mbele ya meza mchana kutwa, na jioni anakaa tena na chupa. Tumbo linakua, moyo unachoka. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima atembeze mwili kwa kadiri dakika 150 mpaka 300 kila juma. Kadiri maana yake nini? Ukiwa juu ya kinga unaweza kuongea na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Ukishindwa kuongea, punguza mwendo. Hakuna anayekungoja na kikombe cha ushindi.

Kutoka Kipushi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 30. Unaacha mitaa, unapita porini, unaingia mjini; ukitoka mapema na kupumzika vizuri, jioni umesharudi kwako. Aliye likizoni Kamina ao Mulongo anaweza kufanya vilevile kati ya mji na vijiji. Ajue tu kwamba kilometa 20 za mchanga si sawa na kilometa 20 za lami. Na maji achukue ya kwake, yaliyochemshwa. Nchi ya maziwa ya Lualaba inajua kolera kwa muda mrefu, na kiu ya njiani haichagui kisima.

Sasa tuseme hatari. Hakuna mfanyakazi anayeshuka shimoni bila taa. Taa inakaguliwa, kofia inakaguliwa, viatu vinakaguliwa. Lakini mtu yule yule, kazi ya usiku ikiisha, anatoka mlangoni na kinga isiyo na taa, yenye freni moja, na kuingia barabara ya malori yanayopeleka shaba Kasumbalesa. Shimoni anaogopa jiwe la kilo mbili. Barabarani haogopi lori lililojaa. Je, kifo cha juu ya ardhi ni chepesi kuliko kile cha chini?

Kwa hiyo, kabla ya kupanda:

Kamata freni zote mbili, gurudumu lisimame. Mvua ikinyesha, chuma cha gurudumu kinateleza, basi anza kufunga mapema.

Weka taa mbele na kitu chekundu chenye kung'aa nyuma. Vaa shati jeupe. Dereva hawezi kumkwepa mtu asiyemwona.

Shika upande wa kuume, mmoja nyuma ya mwenzake. Lori likikaribia na barabara ni nyembamba, shuka pembeni. Kushuka si aibu.

Kofia ya mgodi isikudanganye. Ilitengenezwa kwa vitu vinavyoanguka kutoka juu, si kwa kichwa kinachogonga lami kwa ubavu. Anayeweza kununua kofia ya kinga aifunge chini ya kidevu.

Linabaki neno la makala. Wengi wanasema: “Siku ya mapumziko naenda porini, gunia kule ni la bei nafuu.” Tunajua mshahara haufiki mbali, na hatumcheki mtu anayetafutia watoto moto wa kupikia bukari. Lakini pori linazidi kukatwa, na safari inazidi kuwa ndefu. Mtu anatoka usiku, anarudi usiku, na mzigo nyuma unamzidi urefu. Kwenye mteremko, ni mzigo unaoendesha kinga, si yeye. Kesho yake anaingia kazini na mwili uliochoka, na uchovu wake unakuwa hatari ya wenzake pia. Afadhali watu watano wa mtaa mmoja wachange pesa, wakodi gari moja kwa mwezi.

Mama wa nyumba, jueni jambo hili pia. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inahesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kuwa ajali ya kazi, mradi mfanyakazi hakukatisha safari ao kugeuza njia kwa mambo yake mwenyewe. Aliyepita kwanza porini kutafuta makala, ao kwa rafiki kunywa, anaweza kuwapotezea watu wake haki yao CNSS. Ukitoka kazini, njia ni ya nyumbani.

Kwa wakubwa wa kazi tunaomba jambo dogo. Pale mlangoni tunapokaguliwa taa za shimoni, kinga nazo zikaguliwe mara moja kwa mwezi: freni, taa, mnyororo. Kipande cha freni ni bei ndogo kuliko sanduku la maiti, na fundi aliyezoea kazi hapatikani sokoni.

Pandeni kinga, ndugu. Mwone pori, mwone mji, moyo upate nguvu. Lakini mtu akiondoka asubuhi, arudi jioni. Watoto wanangoja baba, hawangoji habari zake.