Tusiuze Kumbukumbu za Wazee Wetu kwa Kilo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hii ilinirudia akilini nilipoitwa mtaani Kaloleni, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, kusaidia kutenga vitu vya marehemu ami yangu. Matanga yalikuwa yamekwisha. Kitanda, meza na redio vilipata wenyewe mara moja. Kilichokosa mwenyewe ni masanduku mawili ya bati yaliyojaa postikadi. Nasema mawili, ingawa mimi nililiona moja tu. La pili lilikuwa limekwisha kuchukuliwa asubuhi ile na mnunuzi wa karatasi kuukuu, aliyezipima kadi kwa mizani na kulipa pesa zisizotosha kununua pakiti mbili za unga.

Simlaumu binamu yangu aliyeliuza. Ana mtoto aliyeitwa kujiunga na shule ya upili, na karo haina subira. Hata hivyo, kisa hiki si cha nyumba moja. Katika mitaa ya Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, wazee walioijua Nairobi kabla ya uhuru wanatutoka mmoja baada ya mwingine. Nyumba zenyewe nazo hazina hakika ya kesho, kwani Pangani tayari nyumba za zamani za baraza la jiji zimebomolewa ili kupisha majumba ya ghorofa. Mzee akiondoka, na nyumba ikamfuata, ni kitu gani kitakachosalia kuonyesha kwamba watu hawa waliishi, walisoma, waliandikiana na kufikiri?

Ami yangu alikuwa karani wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kuhudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Wenzake walihamishwa huku na huko: Voi, Kisumu, Tabora, Kampala. Kila aliyehamishwa alimpelekea kadi. Fauka ya hayo, Wazungu walipokuwa wakifunga virago karibu na mwaka 1963, yeye alihudhuria minada ya vyombo vyao na kununua kadi za kale kwa senti chache. Ndivyo sanduku lilivyojaa.

Tulipoketi kuzipanga, tuligundua kwamba kadi hujieleza yenyewe kwa anayejua kuisoma. Nchini Uingereza, kabla ya mwaka 1902, upande wa nyuma wa kadi ulitengewa anwani peke yake, na mwandishi alijibana pembeni mwa picha. Kwa hivyo, kadi isiyokuwa na mstari wa kugawa upande huo mara nyingi ni ya mwanzoni mwa karne ya 20 au kabla yake. Stempu nazo husaidia. Zenye majina ya Kenya na Uganda pamoja zilianza mwaka 1922, na Tanganyika ikaongezwa mwaka 1935. Majina ya barabara vilevile yana ushahidi wake: kadi inayotaja Barabara ya Delamere ilichapishwa kabla barabara hiyo haijapewa jina la Kenyatta. Tena yapo majina ya wapiga picha, kama vile A. C. Gomes wa Unguja katika kadi za kale, na Sapra Studio ya Nairobi katika zile za miaka ya baadaye.

Sasa tutazame picha zenyewe. Nyingi zilionyesha stesheni ya reli, hoteli kubwa, simba na twiga, na wapiganaji wa Kimaasai waliosimamishwa mbele ya kamera. Katika sanduku zima sikuona hata picha moja ya Kaloleni, ingawa mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1940. Wala sikuona Pumwani wala Shauri Moyo. Mikono iliyojenga jiji, ikaendesha garimoshi na kufagia hoteli zile haikuhesabiwa kuwa mandhari ya kupelekewa rafiki ng'ambo.

Lakini geuza kadi. Upande wa nyuma ndiko waliko watu wetu. Fundi wa reli aliyehamishiwa Tabora analalamikia bei ya mchele na kuuliza kama deni lake dukani limelipwa. Mwingine anatoa taarifa ya msiba kwa maneno manane. Kadi niliyoishika kwa muda mrefu zaidi ilitoka Marekani mwaka 1960. Wasomaji watakumbuka kwamba Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka kwa ndege kwenda kusoma huko, katika mpango uliosimamiwa na Tom Mboya, ambaye naye aliwahi kuishi Ziwani, si mbali na hapo. Kijana wa kadi hii aliondoka baada ya hao. Mbele pana picha ya jengo refu lisilohusiana naye. Nyuma anaeleza theluji, kisha anamsihi ami yangu aende kwa mama yake amsomee kadi hiyo, kwani mama hajui kusoma, na asimsomee mstari wa mwisho. Mstari huo wa mwisho unasema kwamba ana njaa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mnunuzi wa pili, huyu akiwa mjuzi wa vitu vya kale, alipofika, hakugeuza kadi hata moja ila kutazama stempu. Alizitaka kwanza picha za wasichana waliopigwa vifua wazi na kuandikwa chini kwamba ni mfano wa kabila fulani, bila jina, bila kijiji. Kisha akatoa bei ya sanduku zima kwa mkupuo. Bei hiyo ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya mwenye mizani, na nyumba nzima ikachangamka. Je, tulipaswa kukubali? Wasichana wale hawakuulizwa walipopigwa picha. Kuwauza tena leo, eti kwa kuwa picha ni ya kale, ni jambo ambalo kila ukoo unapaswa kulitafakari kabla ya kunyoosha mkono. Na barua ya mwana mwenye njaa ingekwenda pamoja na picha hizo, bila anayeinunua kujua amenunua nini.

Mifano ya njia mbili ipo. Mkusanyaji wa Kiingereza, Humphrey Winterton, alikusanya maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kuanzia mwaka 1860 hadi 1960. Tangu mwaka 2002 mkusanyiko huo, wenye picha zaidi ya 7,000, umo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Haki isemwe: umetunzwa vyema, na mwanafunzi wa Umoja au Dandora mwenye intaneti anaweza kuutazama. Ila anautazama kama mgeni, akifuata maelezo yaliyoandikwa na wengine. Njia ya pili ni ya marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya maktaba yake ili ibaki nchini. Humo mna vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, na sehemu ya hazina yake imo katika jumba la Nyaraka za Kitaifa, Barabara ya Moi. Murumbi aliuza, lakini alichagua mnunuzi.

Naam, Murumbi alikuwa mkubwa, na ami yangu alikuwa karani. Lakini kanuni ni ile ile: kuuza si dhambi, dhambi ni kuuza usichokijua. Sisi tulizigawa kadi mafungu matatu. La kwanza ni zile zisizoandikwa neno, za wanyama na majengo. Hizo tuliuza, tena moja moja badala ya kwa mkupuo, na karo ya muhula wa kwanza ikapatikana. La pili ni zilizoandikwa na watu wetu. Hizo hazikuuzwa, na kila moja imepigwa picha pande zote mbili kwa simu. La tatu ni zile za wasichana wasio na majina. Tumeziweka kando, na mjadala kati ya binamu zangu haujakwisha.

Kwa atakayejikuta mbele ya sanduku kama lile, nina nasaha chache. Usibandue stempu, kwani stempu na muhuri wake wa posta ni nusu ya ushahidi na nusu ya thamani. Usioshe kadi, usiigundishe kwa utepe, wala usiandike juu yake. Itazame kwa kioo cha kukuza: ukiona vitone vidogo, imechapwa mtamboni, na usipoviona, huenda ni picha halisi iliyosafishwa kwa mkono, na aghalabu hiyo huwa adimu zaidi. Ihifadhi pakavu, ndani ya bahasha ya karatasi. Zaidi ya yote, mketishe mzee aliyebaki na umuulize ni nani aliyeandika, kisha uandike jibu katika daftari.

Na hapa nawageukia walimu. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wajifunze kutokana na mazingira yao. Ni mazingira gani yaliyo karibu kuliko sanduku lililo chini ya kitanda cha nyanya? Mwanafunzi mmoja akileta darasani kadi moja, au barua, au picha ya arusi ya Shauri Moyo, mwalimu amepata somo la historia, la jiografia na la insha kwa mara moja. Kisha kadi irudishwe nyumbani, na nakala yake ibaki shuleni. Nyaraka za Kitaifa haziwezi kubisha hodi katika kila nyumba ya Eastlands, lakini kila nyumba ina mtoto anayekwenda shule.

Sanduku la pili la ami yangu sasa, kwa kadiri nijuavyo, limefungia njugu mahali fulani. Huenda lilikuwa na jibu lililopelekwa na mama yule, likiwa limeandikwa kwa mkono wa ami na kurudishwa na posta, au huenda lilikuwa na picha za twiga tu. Hatutajua kamwe. Walimu na wanafunzi, chungueni yaliyomo majumbani mwenu juma hili, kabla mwenye mizani hajafika mlangoni.