Mbwa Wako Kwa Baa Tayari, Uliza Kama Wamechanjwa

Mmenitumia ile picha mpaka simu imejaa. Baa moja ya huku kwetu, kati ya Juja na Ruiru, imebandika kibao kwa lango: mbwa wanakaribishwa, bora wawe na kamba. Jina sitaitaja, wenye wanajua wanajua. Komenti zikagawanyika mara mbili kama kawaida yetu. Timu ya kwanza: huo ni uzungu, mahali pa mbwa ni nyuma ya nyumba akilinda kuku. Timu ya pili: acheni ushamba, London mbwa anaingia pub na analetewa maji kwa bakuli.

Mimi niko na shida na timu zote mbili. Nyinyi wote mnabishana kuhusu mbwa mmoja tu, yule mwenye shampuu. Na huyo ndiye hatari ndogo kabisa kwa hiyo baa.

Enda Kamakis Jumamosi jioni, ukae zile meza za nje, uagize nusu ya mbuzi. Kabla ugali haujafika, angalia chini. Utaona macho. Kuna mmoja wa rangi ya mchanga amelala karibu na jiko juu anajua mchomaji hutupa mafuta upande huo. Kuna mama mbwa mwenye matiti yamelegea anazunguka meza kwa meza na haombi kwa sauti, anaangalia tu mpaka unajisikia vibaya unamrushia mfupa. Kwa jamaa wa mutura wako watatu, wanajua ratiba yake kuliko mke wake. Halafu baa ikifungwa, soja anaenda nyuma ya choo, anafungua kibanda cha mabati, na anatoka yule German Shepherd ambaye amefungiwa mchana wote akisikia spika. Anazungushwa ua mpaka asubuhi, anajisaidia pale pale mtoto wako atakuwa anacheza kwa bembea Jumapili.

Hapo niambie vizuri: hiyo baa haina mbwa? Iko na mbwa kuliko polisi. Iko na mbwa wa mteja, mbwa wa baa, na mbwa wa mtaa. Kibao kinaongea na mmoja tu kati ya hao watatu, na ni yule ambaye tayari ana daktari.

(Na mkisema mnyama hana nafasi kwa pombe, kumbukeni chupa yenyewe. Kenya Breweries ilianzishwa 1922, kiwanda kiko Ruaraka hapo hapo kando ya barabara ya Thika, na ile Tusker ikapata jina baada ya ndovu kumuua mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akiwinda mwaka wa 1923. Mnyama aliyeua mwenye kampuni anakaa kwa lebo miaka mia moja, lakini koko akilamba mfupa tunapiga nduru.)

Sasa wacha niwaambie kilichonikasirisha. Ile jioni kibao kilikuwa kipya nilipita pale. Kulikuwa na kadogo keupe, manyoya kama pamba, kamekaa juu ya kiti kabisa, kanapigwa picha na wahudumu. Dakika ishirini baadaye koko mmoja akakuja hadi kwa ile meza ya kona. Mhudumu huyo huyo aliyekuwa anacheka na camera akaingia jikoni, akatoka na sufuria, akammwagia maji moto mgongoni. Ile sauti ilitoka kwa huyo mbwa, wasee, DJ mwenyewe aliisikia. Watu wakaangalia, wakarudi kwa simu zao. Kenya iko na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, imekuwa kwa vitabu tangu miaka ya sitini. Haisemi mnyama wa bei gani.

Kwa hivyo hicho kibao hakisemi mbwa wanakaribishwa. Kinasema wewe mwenye gari kubwa unakaribishwa, na chochote umekuja nacho.

Lakini sikuja kulia huruma tu. Kuna kitu kinaua hapa na hakuna timu hata moja imekitaja: kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka wa 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja na bado tuko nao. Serikali yenyewe, ikitoa mkakati wake wa kuumaliza, ule wa 2014 hadi 2030, ilikadiria unaweza kuua hadi watu 2,000 kwa mwaka nchini. Dunia nzima kadirio ni 59,000, na karibu wote, asilimia 99, wameupata kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ile ya kuogopa maji na koo kukaza, hakuna dawa. Mtu anakufa akiwa na akili zake, anajua.

Kabla ya dalili, hata hivyo, unaokolewa. Osha kidonda na maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, bila kupaka pilipili wala mafuta ya taa wala ile brake fluid ya fundi. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, uanze sindano, nne au tano, kwa wiki kadhaa.

Sasa fikiria hiyo sindano kwa mfuko wetu. Jirani yangu wa ploti, kijana wa boda, aliumwa kifundo cha mguu akingojea abiria nje ya baa. Mbwa wa pale pale, anayekula pale pale. Akaenda hospitali ya umma, akaambiwa chanjo zimeisha, jaribu chemist. Chemist wakamtajia bei ya dozi moja, akarudi nyumbani kuhesabu. Tukachanga kwa grupu ya ploti, mia hapa, hamsini pale, dozi ya pili ikachelewa siku mbili. Alipona. Na mwenye baa? Alisema huyo mbwa si wake, ni wa mtaa. Miaka mitatu huyo mbwa anakula mifupa yake na kubweka wezi wake, lakini siku ya kulipa amekuwa wa mtaa.

Hapo ndipo msimamo wangu uko. Sijali mbwa wako ni aina gani, sijali umemvalisha sweta. Mbwa yeyote anayekula kwa baa awe amechanjwa, na baa inayomlisha ilipe. Huyo wa mteja aje na cheti. Wa ulinzi cheti chake kikae ofisini karibu na leseni ya pombe. Na wale wa chini ya meza, wale unaojifanya huwaoni, ni wako pia, mwenye baa. Wewe ndiye umewaita na harufu.

Mtasema hiyo ni ndoto ya mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili. Sawa, nimeacha, lakini Katiba nimesoma. Fungua ile ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Leseni za pombe: kaunti. Leseni za mahali pa kuuzia watu chakula: kaunti. Huduma za madaktari wa mifugo: kaunti. Leseni za mbwa, imeandikwa hivyo kabisa: kaunti. Yaani serikali ile ile ya Kiambu inayotuma watu kuangalia kama umelipia pombe na kama mpishi ana cheti cha afya, ndiyo ina kazi ya kujua hao mbwa ni wa nani. Haihitaji sheria mpya kutoka Bunge. Inahitaji bwana afya akija kukagua jikoni aangalie pia nyuma ya choo, na leseni isirudishwe mpaka aonyeshwe vyeti.

Na inafanya kazi. Si lazima uende Ulaya kutafuta mfano, enda Pemba. Hicho kisiwa kilikuwa na mlipuko wa kichaa cha mbwa, wakachanja mbwa kwa wingi, na kufikia 2014 ugonjwa ukaisha. Ukarudi 2016, wakachanja tena, na 2018 ukaisha tena. Kisiwa cha Waislamu, watu wengi hawataki mate ya mbwa yawaguse hata kidogo, na hakuna mtu Chake Chake anabishana kuhusu mbwa kwa baa. Hawakuhitaji kupenda mbwa. Walihitaji kuchanja wa kutosha, na kipimo ambacho wataalamu wanatumia dunia nzima ni saba kati ya kumi. Ukifika hapo, virusi vinakosa njia.

Sisi njia yetu imekuwa gani? Sumu. Mbwa wakizidi, watu wanapigia simu ofisi, nyama yenye sumu inatupwa usiku, asubuhi tunakuta mizoga kwa mtaro. Mwezi mmoja baadaye mbwa wengine wamekuja, juu mifupa bado iko, na hao wapya hakuna hata mmoja amechanjwa. Umeua hata wale wachache waliokuwa na kinga. Hiyo ni kama kufukuza soja na kuacha mlango wazi.

Timu ya uzungu, turudi kwenu. Muratina imepikwa hizi ridge za Kiambu kabla ya lami, na mbwa wa boma alikuwa amelala pale pale karibu na kibuyu. Wazee walikuwa wanamrushia kipande na kuendelea na stori. Mbwa na pombe si kitu kilikuja na ndege.

Timu ya London, na nyinyi. Hiyo London mnayoitaja, sheria yao inamzuia mbwa mahali chakula kinatayarishwa. Pale wateja wanakaa, mwenye pub ndiye anaamua. California tangu Januari 2015 mbwa anaruhusiwa sehemu ya nje tu, mkahawa ukikubali, awe na kamba, aingie bila kupitia ndani, na hapandi kiti. Hapandi kiti! Yule keupe wetu angetolewa. Mmeiga kibao mkaacha masharti.

Na kitu kingine, mpenzi wa mbwa. Sikio lako linafika sauti ya kama hertz 20,000, la mbwa linapita 40,000. Ile spika ya mugithi unaisikia kifuani, yeye anaisikia kwa meno. Kachumbari ina kitunguu, na kitunguu ni sumu kwake. Bia ni sumu kwake. Mfupa wa choma, ule umekauka kwa moto, unavunjika vipande vyenye ncha na unaweza kumtoboa tumbo. Umemleta saa tatu usiku kwa kelele, umemlisha vitu vitatu vya kumuua, halafu unatuambia unampenda kuliko watu. Jumapili mchana, bustani ya nje, kamba mkononi, bakuli la maji: mlete, mimi mwenyewe nitamsalimia. Usiku wa DJ muache nyumbani. Na mwenye anaogopa mbwa apewe meza mbali bila kuchekwa, wengine waliumwa wakiwa wadogo.

Kuna mmoja ameniandikia, "koko hana mwenyewe, nani atamshika?" Buda, huyo koko wa rangi ya mchanga anaitwa Bosco. Analala kwa ploti ya pili kutoka stejini, watoto wa pale wanamjua, mama wa mboga anamjua. Mbwa wengi mnaowaita wa mtaa wako na mahali pa kulala na mtu wa kuwaita jina. Huyo mtoto wa ploti anaweza kumshika sikio akichanjwa, na atakubali kwa kipande cha mutura. Wachanjaji hufanya hivyo, wanawapaka rangi kichwani ijulikane nani amepata. Si sayansi ya roketi.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi za Kenya huwa na chanjo za bure karibu na hiyo tarehe. Msingoje hapo lakini. Mwenye baa, kama uko na wanne nyuma ya choo na watano chini ya meza, tafuta ofisi ya mifugo ya wadi yako kabla hujalipia fundi kibao kingine. Ukimaliza nitumie picha ya vyeti, nitaiposti bure, na mnajua kwangu posti ya biashara huwa na bei.