Taharuki Haimo Katika Mwisho wa Riwaya

Katika madarasa ya fasihi, taharuki huelezwa kwa sentensi moja: ni hali ya msomaji kujawa na hamu ya kutaka kujua kitakachotokea baadaye. Maelezo hayo si ya makosa. Hata hivyo, yamezoeleka mno hata taharuki imegeuzwa kuwa kipengele cha kuorodheshwa baina ya sadfa na kisengerenyuma, kikatolewa mfano mmoja na kutiwa alama mbili. Swali kubwa huachwa bila kuguswa: je, ni kitu gani hasa kinachomfanya msomaji akatae kuiweka riwaya chini hata taa inapokaribia kuzimika?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa wanaojiandaa kuwa walimu wa Kiswahili, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kitui, ambacho kilipata hati yake mwaka 2013. Wengi wao watafundisha riwaya teule katika shule za Kitui, Makueni na kwingineko. Watakuta huko mwanafunzi ambaye amekwisha kununua mwongozo kabla ya kununua riwaya yenyewe. Anajua nani atakufa, nani atafungwa na nani ataoa, ilhali hajasoma hata ukurasa mmoja. Mwanafunzi wa namna hiyo huweza kupita mtihani, lakini si rahisi kumwita msomaji.

Wapo watakaosema kuwa kosa la mwongozo ni kufichua mwisho. Hoja hiyo haitoshi, na ushahidi wa kuipinga umo katika fasihi simulizi ya Ukambani kwenyewe. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alichapisha mwaka 1966 mkusanyiko wa ngano za Wakamba, na kabla yake Msweden Gerhard Lindblom alikuwa amekwisha kuzikusanya na kuzichapisha nyingine. Katika ngano za jamii hii hupatikana eimu, yaani zimwi. Aidha, kisa cha msichana anayemkubali kijana mtanashati asijue kwamba ni zimwi lililojigeuza husimuliwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Watoto waketio mbele ya fanani wa kisa kama hicho wamekisikia mara kumi. Wanajua fika yule bwana harusi ni nani. Mbona basi husogeleana kila msichana anapokanyaga hatua nyingine kuelekea kwa mumewe?

Jibu ni kwamba hofu yao haitokani na kutojua. Inatokana na kujua jambo ambalo mhusika hajui, na kutokuwa na uwezo wa kumwonya. Fanani naye hana haraka. Hutia wimbo, akaurudia. Humsimamisha msichana njiani, akamkutanisha na huyu na yule. Kila kikwazo huongeza uzito wa hatua inayofuata. Kwa hiyo taharuki haimo katika mwisho wa hadithi. Imo katika njia ya kuufikia mwisho huo, na katika mapenzi aliyo nayo msikilizaji kwa yule anayeipita njia hiyo.

Riwaya ya Kiswahili imezitumia njia zote mbili, ya kuficha na ya kufichua. Muhammed Said Abdulla alificha. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki, maiti ya Bwana Ali bin Said hukutwa penye mzimu, na Bwana Msa huanza kuchunguza. Msomaji hupewa dalili zilezile anazopewa mpelelezi, lakini hushindwa kuziunga. Hapa swali ni moja: nani aliyetenda? Na msomaji huvumilia kurasa nyingi za mazungumzo kwa kuwa anaamini kwamba kila neno huenda likawa ufunguo.

Shafi Adam Shafi, kwa upande mwingine, alifichua. Katika Vuta N'kuvute, riwaya ya mwaka 1999, msomaji anajua mapema kwamba Denge anaupinga utawala wa kikoloni Unguja na kwamba makachero wanamwinda. Anajua pia kwamba Yasmin, binti aliyeozwa mzee na kukimbia, anajisogeza karibu na moto huo. Hakuna fumbo la kufumbua. Kuna kamba inayovutwa na pande mbili, kama jina lenyewe linavyodokeza, na msomaji huigusa akahisi jinsi ilivyokaza. Huo ndio mvutano, nduguye taharuki, nao huweza kusimama hata pasipo siri yoyote.

Ken Walibora alichanganya njia hizo. Katika Siku Njema ya mwaka 1996, Kongowea anaondoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Katika Kidagaa Kimemwozea ya mwaka 2012, Amani anakuwa mchungaji wa mifugo ya Mtemi Nasaba Bora, huku msomaji akishuku kuwa kijana huyu hakuja Sokomoko kwa ajili ya kuchunga tu. Mara kitoto kichanga kinaachwa mlangoni pake, na swali moja linazaa mengine. Yanakoishia hayo yote hayatasemwa hapa, maana yupo msomaji ambaye bado hajafika.

Kuna dhana nyingine inayopasa kukosolewa, nayo ni ile inayoiona taharuki kuwa mali ya riwaya pendwa, kitu cha kuwavutia wasomaji wavivu. Ukambani umetoa mfano ulio wazi. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, alianzisha kampuni ya Comb Books katika miaka ya 1970 na vitabu vyake vya Kiingereza vikanunuliwa kwa wingi, huku wahakiki wengi wakivibeza. Baadaye aliandika pia visa vya kijasusi vya Benni Kamba. Wahakiki walikuwa na haki ya kuuliza maswali juu ya maudhui na maadili. Lakini waliosahau kuuliza kwa nini karani na mwanafunzi walivisoma hadi mwisho walipoteza somo muhimu. Mwandishi aliye na ujumbe mzito anahitaji taharuki kuliko hata yule asiye na ujumbe, kwa sababu ujumbe usiofikiwa na msomaji ni sawa na barua isiyofunguliwa.

Hii haina maana kwamba mikiki na risasi zinatosha. Katika sehemu nyingi za Kitui na Makueni, mkulima hutia mbegu ardhini kabla ya mvua ya vuli kunyesha, kwa kuwa mvua hiyo ndiyo inayotegemewa zaidi. Wingu likitanda mwezi wa Oktoba, mpita njia hulitazama akaendelea na safari yake. Aliyekwisha kupanda hulitazama kwa moyo mwingine kabisa. Msomaji naye ni vivyo hivyo. Kama mwandishi hajamfanya apande kitu katika maisha ya mhusika, yaani amjue, amhurumie na amtakie mema, ngurumo zote za matukio zitapita juu ya kichwa chake bila kumsisimua.

Hapo ndipo dhambi halisi ya mwongozo inapoonekana. Si kwamba umetaja mwisho, kwa maana hata watoto mbele ya fanani waliujua mwisho. Ni kwamba umeiondoa njia. Umempa mwanafunzi mavuno bila kumpa mbegu: kifo cha mtu asiyempenda, ushindi wa mtu asiyemhofia. Wahenga walisema, uhondo wa ngoma uingie ucheze. Asimuliwaye ngoma na jirani yake hataujua uhondo huo, hata akisimuliwa kwa ufasaha namna gani.

Yafaa basi walimu wa kesho wayazingatie mambo matatu. Kwanza, sura za mwanzo za riwaya zisomwe kwa sauti darasani, na mwalimu aifunge riwaya mahali ambapo wanafunzi wanataka aendelee. Fanani amekuwa akifanya hivyo tangu jadi. Pili, mwongozo uje baada ya riwaya kusomwa, utumike kama kioo cha kujilinganishia wala si kama mbadala. Tatu, maswali ya taharuki yabadilike. Badala ya kumtaka mwanafunzi ataje mfano mmoja, aulizwe: mwandishi amechelewesha nini, kwa nini, na ni nani aliyeumia katika kucheleweshwa huko? Swali kama hilo halijibiwi kwa mwongozo. Hujibiwa na aliyesoma.

Kilalamikwacho kila mwaka ni kwamba vijana hawapendi kusoma. Lakini vijana haohao, wakisimuliwa kisa na mtu anayejua kusimulia, hawaondoki kabla hakijaisha. Hamu wanayo. Kinachotakiwa ni mwalimu ambaye hatawakatia njia.