Kipimamwanga Hakijui Nyuso Zetu



Juma hili, tulipokuwa tukipanga albamu ya zamani ya familia, tulikutana na picha ya Komunyo ya Kwanza ya watoto wa ukoo wetu. Kanzu zao, tuzijuazo kuwa nyeupe pe, zimetoka na rangi ya majivu; nyuso ni giza tupu. Nyuma yao amesimama bibi yetu, ambaye sasa ni marehemu, naye amebaki kivuli chenye kilemba. Picha nyingine yake hatuna. Mpiga picha alijitetea kwamba alifuata kipimo cha kamera. Twaamini alisema kweli, na hapo ndipo lilipo kosa lenyewe.

Kipimamwanga kilichomo ndani ya kamera hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Hakijui kama kitu hicho ni kanzu, ukuta au uso wa mtu. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha kati, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga. Kikielekezwa kwenye weupe, hudhani mwanga umezidi, kikaagiza upunguzwe. Kikielekezwa kwenye weusi, huagiza uongezwe. Kwa hiyo, ukikitii bila kufikiri, kanzu nyeupe na joho jeusi vyote vitatoka kijivu.

Tuchukue mfano. Kwa filamu ya ISO 100 katika jua kali la mchana, tundu la lenzi likiwa f/16, kasi ifaayo ni takribani 1/125 ya sekunde. Mbele ya kundi la kanzu nyeupe kipimo chaweza kusema 1/500. Hizo ni hatua mbili, yaani filamu imepata robo tu ya mwanga ulioihitaji. Kanzu yaweza kuvumilia upungufu huo. Uso mweusi hauwezi. Alama zake hazikuandikwa kwenye filamu, na kisichoandikwa hakuna fundi wa kusafisha picha awezaye kukirudisha.

Wako watakaosema kwamba lawama ni ya filamu zenyewe. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi maabara zililinganisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Jambo hilo halikuwa la haki. Hata hivyo, filamu bora kabisa isingemwokoa bibi yetu kutokana na upungufu wa hatua mbili.

Tufanye nini basi? Tukipima kwenye weupe, tuongeze hatua moja na nusu hadi mbili. Tukipima kwa karibu kwenye uso mweusi sana, tupunguze kama hatua moja, ili uso ubaki na weusi wake wa haki. Au tupime kiganja cha mkono katika mwanga uleule unaomwangukia mtu, kisha tuongeze hatua moja. Mwenye kipimamwanga cha mkononi chenye kikuba cheupe na asimame penye uso, akielekeze kwenye kamera. Hapo atapima mwanga unaoanguka, wala nguo hazitamdanganya.

Mwaka 1941, huko Hernandez, New Mexico, Ansel Adams aliona mwezi ukichomoza juu ya kijiji, asikione kipimamwanga chake. Alikumbuka kiasi cha mwangaza wa mwezi, akakokotoa, akapiga. Alikosa chombo, lakini hakukosa maarifa.

Vijana kadhaa siku hizi wanarudia kamera za filamu, nasi twafurahi. Twawasihi jambo moja: namba ya kipimamwanga ni ushauri, si hukumu. Kabla ya kubonyeza, jiulizeni kimepima nini. Sherehe yaweza kurudiwa mwakani. Bibi aliyesimama nyuma huenda asiwepo.

Tuonane juma lijalo.