Dawa ya kifafa: Binti aulizwe kabla ya kuandikiwa

Tuseme, msomaji, una binti wa miaka 16. Kwa miezi kadhaa sasa, anapokunywa chai asubuhi kabla ya kwenda shule, mikono humruka ghafla na kikombe kikaanguka. Nyumbani anakaripiwa kuwa ni mzembe. Halafu siku moja, baada ya kukesha akisomea mtihani, anaanguka na kutetemeka mwili mzima. Mnampeleka hospitali, daktari anasikiliza habari za vikombe na kusema huo ni kifafa cha aina inayowaanza vijana. Anamwandikia valproeti, dawa ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Epilim.

Daktari huyo hajakosea ugonjwa, wala hajatoa dawa dhaifu. Lakini je, alimweleza binti kwamba dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto atakayemzaa? Suala hilo ndilo linalowagawanya madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu hivi leo, na mgawanyiko wao unatuhusu sisi hapa Kenya kuliko tunavyodhani.

Nguvu ya valproeti iligunduliwa kwa bahati tu. Mnamo mwaka 1962, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walikuwa wakiitumia kama maji ya kuyeyushia kemikali nyingine walizotaka kuzipima. Kila walichokiyeyusha kilionekana kuzuia kifafa kwa wanyama, hata wakatanabahi kwamba kilichokuwa kikifanya kazi ni yale maji yenyewe! Ilianza kutumiwa na wagonjwa nchini humo mwaka 1967, na kwa aina kadhaa za kifafa ikawa haina mfano.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1982, madaktari wa mji wa Lyon waliripoti kuwa miongoni mwa watoto waliozaliwa na mgongo wazi, wengi kupita kiasi walikuwa wa akina mama waliotumia dawa hiyo. Leo hakuna anayebisha. Katika kila watoto 100 ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito, takriban 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, ilhali kwa kawaida ni 2 au 3. Kipimo kikizidi miligramu 1,450 kwa siku, ni karibu mtoto mmoja kati ya wanne. Isitoshe, watoto 30 hadi 40 katika kila 100 huchelewa kusema au kutembea, hupata shida ya masomo, na baadhi huwa na usonji. Utafiti uliofanywa Marekani na Uingereza na kutangazwa mwaka 2009 uliwapima watoto wa miaka mitatu. Wale wa valproeti walikuwa nyuma kwa alama 9 za akili wakilinganishwa na wale ambao mama zao walitumia lamotrijini. Walipopimwa tena wakiwa na miaka 6, pengo lilikuwa halijazibika.

Ndiyo maana Uingereza iliamuru mwaka 2018 kwamba mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe dawa hii bila mpango madhubuti wa kuzuia mimba. Januari 2024 iliongeza kwamba mgonjwa yeyote wa chini ya miaka 55, mwanamume kwa mwanamke, asianzishiwe mpaka mabingwa wawili wakubaliane. Nalo Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa wasiandikiwe.

Hapo ndipo ubishi ulipo. Madaktari wa upande mmoja wanasema dawa yenye madhara kama hayo isingeruhusiwa kabisa kama ingekuja sokoni leo, na kwamba kwa miongo mingi akina mama hawakuambiwa ukweli. Wa upande wa pili wanauliza: na kifafa chenyewe je? Utafiti mwingine wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2021, uliipambanisha valproeti na levetirasetamu kwa wagonjwa 520 wenye kifafa kinachoshika ubongo mzima, kama cha binti yetu wa chai. Valproeti ilishinda, tena kwa gharama ndogo. Msichana anayenyimwa dawa bora anaweza kuanguka motoni, kisimani au barabarani, na kifafa kisichodhibitiwa huua. Mimba nayo haipendi kifafa.

Hoja zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ila ubishi huo unafanywa na watu ambao dawa zote zipo kwenye rafu zao. Sisi tumezoea fenobabitoni na kabamazepini. Na si kwa ujinga: utafiti wa Nakuru uliotangazwa mwaka 1991, uliowahusisha wagonjwa 302 waliotibiwa karibu na kwao, ulionyesha kuwa dawa hizo mbili zilikwenda sambamba, na kiasi cha nusu ya wagonjwa hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho. Lakini kwa kifafa cha kurusha mikono, kabamazepini inaweza kuzidisha ugonjwa. Fenobabitoni nayo si salama sana kwa mimba. Kwa hiyo ukimwambia daktari wa wilayani asiandike valproeti, huku lamotrijini na levetirasetamu hazipatikani au bei yake haishikiki, umemwachia nini? Na hao mabingwa wawili wa kutia sahihi atawatoa wapi, ilhali mabingwa wetu ni wachache na wengi wako Nairobi?

Kwa maoni yangu, valproeti isiwe dawa ya kwanza kwa msichana, lakini isipigwe marufuku. Wizara na kaunti zihakikishe lamotrijini na levetirasetamu zinafika katika hospitali za kaunti kwanza, ndipo zitoe amri. Ila kueleza hakungoji dawa mpya wala bajeti. Binti wa miaka 16 ana akili ya kusikia maneno haya, na mama yake pia. Nakataa katakata ile hoja kwamba tukiwaeleza wataogopa na kuacha dawa. Wanaoacha ghafla aghalabu ni wale wanaosikia kwa jirani, mimba ikiwa tayari ina miezi mitatu. Wakati huo mgongo wa mtoto ulikwisha kufunga, au kushindwa kufunga, zamani.

Baba nao wametajwa. Wakuu wa dawa wa Ulaya walionya Januari 2024 kuwa wanaume wanaotumia valproeti miezi mitatu kabla ya kutunga mimba huenda wakapata watoto wenye matatizo ya ukuaji kwa kiwango cha 5 katika 100 badala ya 3. Mwaka huo huo utafiti mkubwa wa Denmark haukuona tofauti hiyo. Hapo ningesubiri.

Kama wewe unaitumia dawa hii sasa, usiitupe ukimaliza kusoma. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo kisichokoma. Rudi kwa daktari kabla hujapata mimba, kwa maana kubadilisha dawa huchukua wiki nyingi. Lamotrijini hupandishwa polepole sana, la sivyo ngozi huweza kuharibika vibaya. Mwombe pia vidonge vya foliki asidi. Ile inayotiwa katika unga wa pakiti tangu mwaka 2012 ni nzuri kwa kila mama, ila haifuti madhara ya valproeti. Na ukihamishiwa kabamazepini au fenobabitoni, mtajie njia yako ya kupanga uzazi, kwa kuwa dawa hizo mbili hudhoofisha vidonge na hata vile vijiti vya kwenye mkono. Wako wanaobadilishiwa dawa kwa sababu ya mimba, nayo hiyo dawa mpya ikawaletea mimba.