Watoto 67 wa kupiga makofi

Mwezi wa sita unapofika katikati, shule zetu za msingi hapa Bukavu huingia katika majira yasiyo na jina. Mitihani ya trimesta ya tatu imekwisha kuandikwa. Mwalimu ameinama juu ya rundo la karatasi, kalamu nyekundu mkononi, wala hana nafasi ya kufundisha tena. Siku ya kutangaza matokeo, ile tunayoiita sote proklamasyo, bado iko mbali wiki mbili, mara nyingine tatu. Na watoto? Watoto wanakuja kila asubuhi kwa sababu wameambiwa waje. Wanafagia uwanja. Wanabeba maji, au mawe ya kujengea choo. Kumi na wawili wenye sauti nzuri wanaitwa kujifunza wimbo wa kuwapokea wazazi. Waliobaki wanakaa chini ya mparachichi mpaka saa nne, kisha wanarudishwa nyumbani.

Sina ugomvi na ufagio. Mtoto anayejua kusafisha mahali anaposomea amejifunza jambo jema. Ninachopinga ni kwamba wiki hizo zimehesabiwa kuwa wiki tupu, na kwamba baada yake inakuja siku moja ambayo darasa zima linapangwa mstari mbele ya wazazi ili watu watatu wapewe zawadi.

Tufanye hesabu kidogo. Tangu masomo ya shule ya msingi yalipoanza kutolewa bure, mwezi wa tisa mwaka 2019, vyumba vyetu vimejaa. Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuahidi jambo hilo katika kifungu chake cha 43, nasi tulingoja miaka 13. Ni jambo la kushukuru: watoto waliokuwa wakizunguka na sahani ya karanga kichwani waliingia darasani. Lakini darasa la watoto 70 si ajabu tena. Siku ya proklamasyo wa kwanza, wa pili na wa tatu wanaitwa mbele, wanapewa daftari na kalamu, wanapigwa picha. Wanabaki 67. Hao ndio waliokuja kupiga makofi.

Tena si makofi tu. Katika shule nyingi orodha inaendelea kusomwa, jina kwa jina na asilimia kwa asilimia, mpaka wa mwisho. Aliye chini ya 50 kwa mia anasikia mbele ya mtaa mzima kwamba atarudia mwaka. Nimewaona akina mama wakivuta kitenge mpaka machoni. Nimemwona mtoto akiruka ua wa shule kabla jina lake halijafikiwa. Na kesho yake, kwenye vichochoro vya mlimani, wenzake wanamwita kwa namba yake. Kuna kijana mmoja mtaani kwetu, sasa ana mke na watoto, ambaye wanaume wa rika lake wanamwita «Sitini na mbili» hadi leo. Yeye mwenyewe anacheka. Sijui kama alicheka siku ile ya kwanza.

Yuko pia mtoto aliyetufikia mwezi wa pili, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita kijijini kwao. Hakuwa na daftari wala kiatu, na trimesta ya kwanza hakuiona kabisa. Kumtangaza kuwa wa 64 ni kumwambia nini? Namba hiyo haipimi akili yake. Inapima njia aliyotembea.

Na lugha ya kutangaza ni ipi? Ni Kifaransa. Katiba yetu, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na papo hapo inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Mama anayeuza sambaza kando ya ziwa amefunga meza yake asubuhi ile, amepoteza faida ya siku nzima, amepanda mlima, na anachokipata ni jina la mtoto wake likifuatwa na maneno asiyoyaelewa. Anamwuliza jirani: «Amepita?» Swali hilo moja ndilo lililomleta, na jibu lake lingeweza kutolewa kwa neno moja la Kiswahili.

Mtaniambia: Mwalimu, bila mashindano watoto watalegea. Nimelisikia neno hilo tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu. Watoto hushindana hata bila sisi. Watazameni wakicheza mpira wa matambara. Wala sisemi kwamba pointi zifichwe. Mzazi ana haki ya kujua, na mtoto aliyeshindwa anapaswa kuambiwa wazi kwamba ameshindwa, na wapi. Lakini habari hiyo inasemwa mezani, mwalimu na mzazi wakikaa uso kwa uso kabla ya siku kubwa, si kwa kipaza sauti. Kati ya mtoto wa 40 na wa 41 pengine kuna tofauti ya pointi mbili za imla. Kuzitangaza pointi mbili hizo mbele ya umati ni kazi bure.

Sasa niwaeleze darasa moja la mwaka wa sita nililolifuata kwa karibu. Mwalimu wake hakuwa mtu wa maneno mengi. Alijua kwamba huku kwetu watoto wa miaka ya kwanza wanaanza kusoma kwa Kiswahili kabla ya kuhamia Kifaransa, na kwamba vitabu vidogo vya Kiswahili vya kuwapa ni vichache mno. Basi, siku moja baada ya mtihani wa mwisho, alitoa katika kabati karatasi za mitihani ya zamani, zilizoandikwa upande mmoja tu. Akawaambia wanafunzi wake: kila mmoja wenu ataandika kitabu cha kurasa nane kwa ajili ya mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza. Hadithi isitoke katika kitabu cha shule. Itoke nyumbani.

Siku tatu za kwanza ilikuwa fujo. Wengine walileta hadithi ya sungura na fisi ambayo wote waliijua, wakarudishwa kwenda kuuliza nyumbani. Kisha mambo yakaanza kuja. Msichana mmoja aliandika namna bibi yake anavyoloweka mihogo mpaka uchungu utoke. Mwingine aliandika kwa nini nyumba za mtaa wao huporomoka mvua inaponyesha, akachora mlima wenye mdomo. Mvulana mmoja aliandika juu ya mbuzi aliyeingia kanisani wakati wa Misa. Mbuzi huyo nilimjua. Palitokea ubishi mkali kama tuandike «maharagi» au «maharage». Waliniuliza mimi. Niliwajibu kwamba kitabu kinaandika «maharage», na kwamba mama zao sokoni wana haki pia, basi waandike la kwanza katika hadithi na la pili chini ya ukurasa. Sijui mkaguzi angesemaje.

Jalada zilikatwa kutoka maboksi ya sabuni. Uzi ulichomolewa katika magunia ya mchele. Kushona ndiko kulikowashinda wengi, kwani karatasi zilichanika. Hapo alijitokeza mtoto ambaye katika imla ya Kifaransa hakupata kuvuka pointi 3 juu ya 20, mwana wa fundi viatu. Aliwaonyesha namna ya kutoboa kwanza kwa msumari, kisha kupitisha sindano mara mbili. Kwa siku nne darasa lote lilifanya kazi chini ya amri yake, hata yule wa kwanza wa darasa, ambaye alishona vibaya akaambiwa afumue.

Hayo yote ni masomo. Kukunja karatasi ili kurasa nane zifuatane ni hesabu ngumu kuliko wengi wenu mnavyodhani. Jaribuni leo jioni. Kuandika sentensi ambayo mtoto wa miaka saba ataweza kuisoma ni kazi inayowashinda hata watu wazima, nami nikiwa mmojawapo. Siku ya proklamasyo kila mwanafunzi wa mwaka wa sita alikaa na mdogo wake mmoja, wazazi wakapita katikati yao wakisikiliza. Ilichukua muda mrefu, kulikuwa na makelele, na mzee mmoja wa komite ya wazazi alilalamika kwamba si sikukuu bila vinywaji. Kisha kila mtoto akapewa buletini yake mkononi, ikiwa imefungwa.

Zipo kazi nyingine za kufaa wiki hizo: kuhesabu vitabu vya shule na kuvifunika upya kwa ajili ya watakaokuja mwezi wa tisa, au kuvuna maharage ya shamba la shule, kuyapima na kuyagawa. Sitazieleza. Kila shule inajua ina nini.

Lakini vinywaji vya yule mzee vinanilazimu niseme neno juu ya pesa. Masomo ni bure, tunasema. Mwezi wa sita unapofika, karatasi ndogo inatumwa nyumbani: mchango wa sikukuu, mchango wa kumpongeza mwalimu, mchango wa kukodi viti. Faranga hizi zinaitwa za hiari. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, mtoto asiyezileta hakuitwa jina lake, na buletini yake ilibaki katika droo ya direkta mpaka mwezi wa tisa. Naelewa kwamba mshahara wa mwalimu ni mdogo na unachelewa. Mimi mwenyewe niliungoja mara nyingi. Wazazi wakitaka kumshukuru, wamshukuru. Lakini buletini ni mali ya mtoto aliyeifanyia kazi mwaka mzima, haiwezi kuwekwa rehani kwa kreti ya Primus.

Mtauliza haya yote yanawahusu nini ninyi wa Xaveri, wa Kiro na wa Skauti. Nyingi za shule hizi zinaendeshwa na Kanisa kwa mkataba uliotiwa sahihi na Serikali mwaka 1977. Uwanja ambamo watoto wanasimamishwa mstari ndio uwanja mnaochezea ninyi siku ya Dominika. Hatuwezi kusema kwamba proklamasyo ni mambo ya Kinshasa. Hakuna sheria ninayoijua inayomlazimisha direkta kusoma orodha mpaka wa mwisho. Ni desturi tu, na desturi hii iko mikononi mwetu.

Tena mwalimu mwenye karatasi za watoto 70 za kusahihisha, kwa kila somo, hawezi kuongoza peke yake kazi kama ile ya vitabu. Anahitaji mikono. Wale kati yenu wanaoandika mtihani wa Serikali, muwaache na mtihani wao. Wengine, vijana watatu au wanne kwa darasa, saa mbili kwa siku, kwa wiki moja na nusu, wanatosha. Msije na ngoma, vipaza sauti na fulana za kikundi. Msiwaandikie watoto hadithi zao; nimewaona vijana wenye nia njema wakimnyang'anya mtoto kalamu kwa sababu anachelewa. Kaeni karibu naye, mshike karatasi isiteleze.

Na muanze na mwaka wa sita. Watoto hawa wana mtihani wao wa taifa, ENAFEP, ule uliokuwa ukiitwa TENAFEP, na matokeo yake yanakuja kwa njia yake. Kwa hiyo proklamasyo kwao ni siku ya kuagana. Baada ya hapo shule inaanza kulipiwa, na kila mwaka wapo wasioendelea, wasichana hasa: mmoja anakwenda kwa shangazi yake kulea watoto, mwingine anapewa beseni la nyanya. Siku ile ni siku yao ya mwisho uwanjani, na katika darasa tunapozungumza mwalimu huwa anajua tangu Pasaka ni nani na nani. Mwulizeni. Yule msichana wa mihogo alikuwa mmoja wao. Kitabu chake kiko bado katika mwaka wa kwanza, jalada limekwisha kubadilishwa mara mbili.

Nendeni kwa direkta mwezi wa tano, kabla ratiba haijafungwa, watu wawili tu, mkiwa na ombi lililoandikwa ukurasa mmoja. Msiombe pesa. Ombeni chumba kimoja, sindano nene kumi, na ruhusa ya kufungua kabati ya ofisi. Karatasi za mitihani ya mwaka jana zimo humo, zinangoja panya.