Ukiumia ghalani kwa mtu, 'pole' si fidia

MKULIMA anapeleka mpunga wake mashineni. Akiwa anasubiri zamu, lundo la magunia lililopangwa ovyo linaporomoka na kumvunja mguu. Wenye mashine wanampakia kwenye gari hadi hospitali, wanalipia plasta, wanamwachia shilingi 50,000 za pole, na habari inaishia hapo. Nyumbani majirani wanamwambia ni bahati mbaya, ashukuru kuwa yu hai.

Ajali za namna hii hutokea katika maghala ya mazao, minada ya mifugo, mashine za kukamua alizeti na masoko ambayo mitaro yake haina mifuniko. Maoni yangu ni kwamba desturi ya kupokea pole na kunyamaza inawarudisha nyuma wakulima na wafanyabiashara wadogo, kwa sababu gharama ya mguu uliovunjika haipotei hewani. Lazima kuna anayeilipa. Asipoilipa mwenye mashine aliyepanga magunia vibaya, atailipa mkulima kwa fedha ya mbolea na ada ya mtoto.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mkulima huyo ameumia Januari na amekaa miezi mitatu bila kufanya kazi. Amelipa vibarua wa palizi ekari tatu kwa sh 60,000 kila ekari, yaani sh 180,000. Amekwenda hospitali ya wilaya mara sita, nauli yake na ya msindikizaji sh 10,000 kila safari, jumla sh 60,000. Genge lake, lililokuwa likimwachia faida ya sh 8,000 kwa siku, limefungwa siku 78, yaani sh 624,000. Jumla ni sh 864,000, na hapo sijagusa maumivu wala kilema kama kitabaki. Toa ile pole ya sh 50,000. Zilizobaki, sh 814,000, ni mchango wa mkulima katika biashara ya mtu mwingine.

Wengi hudhani kudai ni uchokozi, au ni mambo ya wazungu. Lakini haki hiyo ipo katika sheria zetu. Kenya wanayo sheria iliyotungwa mahsusi kuhusu wajibu wa mwenye eneo kwa wanaoingia humo. Kwetu Tanzania Bara, msingi mkubwa ni kanuni za mahakama za Uingereza zilizopokelewa nchini kama zilivyokuwa Julai 22, 1920, pamoja na maamuzi ya mahakama zetu baada ya hapo.

Mojawapo ya kanuni hizo ilitokana na kesi ya mwaka 1866. Fundi wa mitambo ya gesi aliingia katika kiwanda cha kusafisha sukari kukagua kazi iliyofanywa na mwajiri wake, akatumbukia katika tundu la kupandishia sukari ambalo halikuwekewa kizuizi. Mahakama ilisema mtu aliyeingia kwa shughuli yenye manufaa kwa mwenye eneo anastahili kulindwa dhidi ya hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenye eneo anaijua au alipaswa kuijua. Mkulima aliyeleta mpunga ukobolewe kwa malipo yuko katika kundi hilo la fundi, na mnunuzi aliyeingia dukani vilevile. Aliyeruka uzio usiku kufuata maembe hana ulinzi wa kiwango hicho.

Swali linalofuata ni nani wa kudaiwa, na hapa watu wengi hukosea. Si lazima awe mwenye hati ya kiwanja. Anayetazamwa kwanza ni yule anayelitawala eneo siku hadi siku. Kama jengo ni la mzee fulani lakini mashine imekodishwa kwa mfanyabiashara anayeajiri makuli na kupanga magunia, barua ya madai impelekee mfanyabiashara huyo. Kama ghala ni la chama cha ushirika, kinachodaiwa ni chama, si mwenyekiti wake. Najua ni vigumu kukidai chama ambacho wewe mwenyewe ni mwanachama, na kwenye mkutano mkuu utaonekana msaliti. Hata hivyo, mwanachama aliyevunjika mguu ndani ya ghala hajawahi kukubali kubeba peke yake gharama ambayo ilikuwa ya wote. Tena asidanganywe na maneno kwamba "ghala lina bima". Bima ya mzigo ni ya korosho, si ya mguu wako.

Kwa kibarua aliyeumia akimfanyia kazi mwajiri wake, mlango wa kwanza wa kugonga ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008.

Sasa tuje kwenye ushahidi, kwa sababu madai mengi hufia hapo kabla ya kufika kwa hakimu. Magunia yaliyoanguka saa nne asubuhi yatakuwa yamepangwa upya saa sita. Mtaro uliokuwa wazi utapata mfuniko kesho yake. Kwa hiyo mwenzako apige picha palepale kwa simu, na majina ya walioona yaandikwe pamoja na namba zao. Risiti ya kukoboa au ya ushuru itunzwe, kwani inaonyesha uliingia kwa shughuli halali. Ukienda hospitali utaulizwa fomu ya polisi, ile PF3. Wengi huiona kama usumbufu, lakini ndiyo karatasi inayounganisha jeraha na siku husika. Usiirudishe kabla ya kubaki na nakala.

Ushahidi wa fedha ndio unaowashinda zaidi wasomaji wa ukurasa huu. Mahakama hutofautisha fidia ya jumla, kama ya maumivu, ambayo hakimu huikadiria, na hasara mahsusi kama dawa, nauli, vibarua na faida iliyopotea. Hii ya pili ni lazima itajwe kwa kiasi chake na ithibitishwe, na Mahakama ya Rufani ilikwishasisitiza hivyo mwaka 1992. Mwenye genge akisema tu "nilikuwa napata elfu nane kwa siku", amesema maneno. Mwenye daftari la mauzo na manunuzi lililoandikwa kabla ya ajali ana kitu cha kuweka mezani. Hata vibarua wa palizi wasaini kwenye karatasi kiasi walicholipwa na tarehe.

Hapa kuna jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza. Wafanyabiashara wadogo wengi hawaandiki daftari kwa kuogopa TRA, au wana daftari mbili. Siku ya kudai fidia, ile ya kudanganyia kodi ndiyo itakayosomwa na wakili wa upande wa pili. Huwezi kuwa mtu wa kipato kidogo Machi wakati wa makadirio na tajiri Agosti mbele ya hakimu. Mimi naona hii ni sababu nzuri ya kuandika hesabu za kweli kuliko semina nyingi za ujasiriamali.

Muda nao hausubiri. Madai ya kuumizwa kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Miaka mitatu inaonekana mingi, lakini mtu huumaliza wa kwanza akijiuguza, wa pili akiahidiwa "tutakuona", na wa tatu akitafuta nauli ya kwenda kwa wakili.

Sishauri kila mtu akimbilie mahakamani. Kwa hasara ya laki mbili, kesi itakula zaidi ya inacholeta. Barua ya madai iliyoandikwa vizuri, yenye orodha ya gharama na nakala za risiti, mara nyingine inatosha kuwaleta watu mezani. Asiye na uwezo wa wakili awatafute watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Msaada wao ni wa bure kwa asiye na uwezo.

Wakati wa mapatano, kuweni macho na karatasi. Kuna mtindo wa kumfuata majeruhi wodini na fomu inayosema amepokea fedha "na hana madai mengine", kisha anawekewa wino kwenye dole gumba. Akishasaini, kuifuta karatasi hiyo ni kazi kubwa. Pokea fedha ya matibabu kama inatolewa, lakini iandikwe kuwa ni ya matibabu tu. Mapatano ya mwisho yangoje daktari aseme mguu umepona kwa kiasi gani.

Wewe mwenye mashine nawe usinune. Sheria inakutazama hata wewe kwa jicho la haki: aliyejiingiza chini ya mkanda unaozunguka baada ya kukatazwa anaweza kupunguziwa fidia kwa kadiri ya uzembe wake. Lakini kizuizi cha mkanda ni kazi ya mchomeleaji wa mtaani kwa siku moja, na bango la "ingia kwa hatari yako" si mbadala wake. Mkulima mwenye kisima kisicho na mfuniko karibu na njia wanayopita watu naye yumo kwenye kundi hili.

Yanabaki masoko, ambako mwenye eneo mara nyingi ni halmashauri. Huku njia ni ndefu zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kuishitaki halmashauri hutoa kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni lazima aunganishwe katika shauri. Anayeruka hatua hiyo hufukuzwa mlangoni hata kama mguu wake umekatwa. Mimi siafiki kwamba muuza nyanya anayelipa ushuru kila siku awekewe vikwazo vingi kuliko anayeidai mashine ya mtu binafsi, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo viongozi wa wafanyabiashara sokoni wasingoje mtu aumie. Mtaro ukiwa wazi, paa likining'inia au nyaya zikiwa chini, kamati iandike barua kwa mkurugenzi, itaje mahali na hatari yenyewe, na nakala igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo ikae kwa katibu wa soko, mahali ambapo panya hawafiki. Siku mama akitumbukia mtaroni, halmashauri haitaweza kusema haikujua.